Disketi ya Mama Juu ya Spika

Mpaka leo nikiona mtu anabonyeza "ndiyo" kwenye kompyuta bila kusoma alichoulizwa, roho inaniuma. Watoto wangu wananicheka. Wanasema mama husoma kila neno la simu utadhani anauziwa shamba. Waache wacheke. Mimi nilibonyeza "ndiyo" mara moja tu, mtaa wa Mabatini, Mwanza, saa tano asubuhi, na nilichopoteza siku ile sijakipata tena.

Nilikuwa mhazili. Miaka ile ya soko huria kila mtu Mwanza alikuwa anafungua kitu, huyu duka la mitumba, yule saluni, na bosi wangu akafungua ofisi ya kuchapa barua. Alikuwa mzee wa Kihindi aliyezaliwa palepale mjini, ukoo wao umeuza vitambaa tangu enzi za babu yake, na Kisukuma alikijua kunishinda mimi Msukuma wa Sengerema. Alinunua kompyuta moja, akaiweka chumba cha ndani nyuma ya pazia, akaniamuru nivue viatu kabla ya kuingia. Nikawa navua. Taipureta yangu ikasukumwa kwenye kona, juu yake tukawa tunaweka chupa ya chai.

Chuo cha uhazili kilinifundisha jambo moja ambalo nalijutia. Mwalimu wetu alikuwa anasema mhazili mzuri hasikilizi. Neno liingie sikioni litokee kidoleni, kichwa kikae pembeni, maana ukianza kufikiri anachosema mtu utakosea herufi. Alikuwa anatupiga rula kwenye vifundo vya vidole tukitabasamu wakati wa imla. Nikaiva kweli. Niliweza kuchapa barua ya mtu kufukuzwa kazi, na nyingine ya talaka, halafu nikala ugali wangu bila habari.

Mama yangu alipozidiwa na ugonjwa wa koo nilimhamishia kwangu, awe karibu na hospitali. Baba alikuwa ameshafariki. Tulibaki watoto wawili, mimi na mdogo wangu wa kiume, na huyo alikuwa ameondoka miaka mitatu nyuma, kwanza machimboni, baadaye tukasikia amevuka mpaka, na baada ya hapo hatukusikia kitu. Siku anaondoka waligombana vibaya yeye na mama. Mama alimwambia mbele ya majirani, "Siku nikifa, usije ukashika udongo wangu." Kijana akachukua begi lake akaenda.

Kwetu neno la namna hiyo kutoka kwa mama si mchezo. Anayelifunga ndiye anayelifungua, kwa kinywa chake mwenyewe. Hakuna wa kumfungulia, hata mtoto wa kwanza. Mama alilijua hilo kuliko sisi, na alijua pia kwamba koo lake linaziba, sauti inakwenda kidogo kidogo. Akaanza kunisumbua. Alikuwa na maneno ya mwanawe, anataka yawekwe mahali mpaka atakaporudi.

Nikamwambia niyaandike kwenye daftari. Akakataa. Karatasi alikuwa haiamini, na hakukosea, kwa sababu barua zetu kijijini zilipitia sanduku la shule. Mwalimu anampa mwanafunzi, mwanafunzi anaifungua njiani, na mama ambaye hakusoma anaombewa msomaji uwanjani, jioni kijiji kizima kina habari. Nikamwambia basi turekodi kaseti. Akaniuliza nani atawazuia wapangaji wenzangu wasiipige, ukuta wenyewe haufiki paa. Hapo nikapandisha hasira, nikasema, "Sasa mama unataka nikayaweke wapi, mbinguni?"

Siku iliyofuata nikamwonyesha disketi. Aliigeuza, akaitikisa sikioni, akauliza kama kuna mtu anaweza kuisoma kwa macho. Nikasema hakuna, hata mimi siwezi bila mashine. Alicheka mpaka akakohoa. "Hii ndiyo," alisema.

Basi tukawa tunakwenda ofisini saa nane mchana, wateja wakiwa wamekwenda kula. Bosi aliruhusu, hata alimletea mama kiti chenye mto. Mama alisema kwa Kisukuma, polepole, sauti imebaki upepo, na mimi nikachapa. Kisukuma sikufundishwa kukiandika, kwa hiyo akili yote ilikuwa kwenye herufi, hapa kuna ng'w, hapa irabu ndefu. Lakini nisijifiche nyuma ya herufi. Nilikuwa na wivu. Miezi yote hiyo nimemwogesha mama, nimemsagia uji, nimepanga foleni hospitali, halafu maneno matamu yote ya mtu aliyekimbia? Wahenga wamesema asiyekuwepo na lake halipo. Kwa mama yetu mambo yalikuwa kinyume, asiyekuwepo ndiye aliyekuwa na lake. Kwa hiyo nilipeleka kichwa changu pembeni makusudi kama mwalimu alivyotaka, na vidole vikafanya kazi.

Mara kwa mara mama alinyamaza, akaniangalia, akasema kwa Kiswahili, kwa sababu aliiheshimu ofisi, "Umekula?" Nikawa namjibu, "Nitakula mama, endelea." Hilo sikulichapa. Halikuwa la barua.

Tulimaliza kwa siku nane. Yale maneno yakabaki ndani ya kompyuta, nami nikatengeneza nakala kwenye disketi moja nikampa. Mama aliifunga kwenye kipande cha khanga, akatafuta pa kuiweka. Nyumbani kwangu, kama nyumba yoyote yenye adabu Mwanza, vitu vya heshima vilikaa juu ya redio. Ile redio tuliachiwa na baba, spika yake kubwa, sanduku la mbao, na juu yake nilitandika kitambaa cha kudarizi. Chini ya kitambaa kilikuwepo cheti cha ubatizo, cheti changu cha uhazili na picha ya arusi ya wazazi. Mama akainua kitambaa, akailaza disketi hapo katikati, akatandika tena. Hakuna panya angefika, wala maji, wala mtoto wa jirani. Mwenyewe niliona ni mahali pazuri kuliko pote.

Mama alifariki masika. Tulitangaza redioni, tukasubiri siku mbili, mdogo wangu hakutokea. Tukamvusha mama kwa kivuko hadi Kamanga, tukamzika nyumbani Sengerema. Watu walinong'ona kaburini kwamba mtoto ametii neno.

Miezi kadhaa baadaye bosi akarudi kutoka Nairobi alikokwenda kusalimia ndugu zake, na mfukoni ana disketi kumi na tatu zimefungwa kwa mpira. Ulikuwa mfumo mpya wa kompyuta. Ofisi za katikati ya mji zilikuwa zimeshabadilisha na wateja walianza kutuuliza kama na sisi tuna "ile mpya", kwa hiyo akaniambia, "Ingiza moja moja, mashine itakuelekeza." Niliingiza moja moja. Ya nane ilipita. Ya tisa, mashine ikakoroma, ikasema haiwezi kusoma. Jaribu tena? Nikajaribu tena. Nilijaribu mpaka nikaacha kuhesabu.

Niliitoa nikaipuliza. Nikafungua kile kibati chake nikapangusa kwa pamba na spiriti. Bosi akasema labda ina joto, tukaiweka mbele ya feni. Haikusoma. Nikaona niachane na huo upya, nizime niwashe turudi kwenye mfumo wetu wa zamani, na hapo ndipo nilipoharibu kabisa. Kioo kikawa cheusi, mstari mmoja wa maandishi ukisema kuna faili halionekani. Wa zamani ulikuwa umeshafutwa nusu, na mpya umeingia nusu. Mashine haikuwa ya huku wala ya kule.

Tukamwita fundi. Alikuwa fundi redio wa mtaani ambaye kompyuta alijifunza kwa kuzifungua, na nasema haki, alikuwa na mikono mizuri. Alifungua kile kitundu cha disketi akakuta kimejaa vumbi la vijidudu vya ziwa, vile vinavyotanda juu ya maji mfano wa moshi halafu vinaingia hadi kwenye chai. Akasafisha. Disketi ya tisa bado ikagoma. Akaazima seti nyingine kwa rafiki yake. Ile ikapita ya tisa, ya kumi, ikakwama ya kumi na moja, mashine ikidai nafasi haitoshi. Siku tatu tulihangaika hivyo, wateja wanageuzwa mlangoni, bosi anatembea na mikono nyuma.

Siku ya nne asubuhi fundi aliweka bisibisi mezani, akasema limebaki jambo moja, kufuta kila kitu na kuanza upya. Bosi aliniangalia. Alikuwa hajasahau zile saa nane za mchana. "Maneno ya mama yako yamo humu," alisema. "Nisubiri kwanza? Kuna mtaalamu Dar labda anaweza kuyatoa."

Nikamwambia asihangaike, nina nakala nyumbani. Nilisema kwa madaha kabisa, na kidogo nilifurahi kuonekana mtu mwenye mpango. Mashine ikauliza kama nina hakika, kila kilichomo kitapotea. Fundi akaniachia kibodi nibonyeze mwenyewe, na mimi nikabonyeza ndiyo.

Mfumo mpya ukaingia hadi disketi ya kumi na tatu bila tatizo. Rangi nzuri, picha nzuri. Bosi akaagiza soda, tukanywa watu watatu. Nikasema ngoja niende nyumbani mara moja, nirudishe barua ya mama mahali pake.

Nilirudi na kile kipande cha khanga. Nikafungua, nikaingiza disketi. Mashine ikafikiri kidogo, halafu ikaniambia disketi hii haina kitu, je, nataka kuiandaa sasa? Nikatoa, nikaingiza. Je, nataka kuiandaa sasa? Fundi akajaribu kwa njia zake, akahangaika nayo mpaka soda yake ikawa moto. Mwisho akaniuliza, "Dada, hii ulikuwa unaitunza wapi?"

"Juu ya redio. Chini ya kitambaa."

"Juu kabisa? Pale kwenye spika?"

Nikasema ndiyo. Fundi redio anajua kilichomo ndani ya spika, na hakutaka kuwa yeye wa kuniambia. Niliambiwa na bosi, kwa Kisukuma, kwa sauti ya chini. Ndani ya spika kuna sumaku kubwa, na sumaku hufuta disketi. Miezi yote ile, kila nilipofungua redio kusikiliza taarifa ya habari, mama alikuwa amelala juu yake. Nilikaa sakafuni na sketi yangu ya kazi nikalia, na sikuona haya.

Watu walinifariji kijinga. Jirani yangu alisema, "Si ulichapa wewe mwenyewe? Utakumbuka." Nilikaa na daftari wiki nzima. Nilikumbuka kiti chenye mto. Nilikumbuka kikohozi, na pale niliposhindwa kuandika neno moja lenye ng'w nikamwomba arudie mara tatu, lakini neno lenyewe sikulipata. Mwalimu wangu angejivunia. Siku nane sikio langu lilikuwa karibu na kinywa cha mama kuliko sikio la mtu yeyote, na sikushika hata sentensi moja.

Mdogo wangu alirudi mwaka uliofuata. Alipata habari za msiba kwa mtu wa kwetu aliyekutana naye huko ughaibuni, na huyohuyo akamwambia kwamba mama ameacha maneno. Alishuka kivuko cha Kamanga upande wa mjini akaja moja kwa moja ofisini, amekonda, nywele zimeanza mvi kabla ya wakati wake. Kaburini alikuwa hajafika. Alisema hawezi kwenda mpaka asikie.

Nikamvua viatu, nikamwingiza nyuma ya pazia, nikamweleza yote, kuanzia disketi ya tisa hadi sumaku. Alisikiliza akiitazama kompyuta. Sikumficha hata wivu wangu. Nilitegemea anitukane, ningepumua.

"Alinifungulia?" akauliza.

"Alikufungulia. Siku nane, angekuwa anafanya nini kingine?"

"Dada, alisemaje?"

Ningeweza kutunga. Nina lugha ya kutosha, na yeye angeamini. Lakini neno la kufungua haliwi la kutunga, na mwongo ningekuwa mimi, halafu yeye aende akashike udongo kwa uongo wangu. Nikatafuta tena kichwani kote, na kilichokuwepo ni kilekile kimoja ambacho nakijua kwa hakika kilitoka kinywani mwake mle chumbani. Kilikuwa changu. Katika yote aliyosema mama mwisho wa maisha yake, hilo tu aliniambia mimi.

Nikaligeuza kwa Kisukuma, ili lifanane na mengine.

"Aliuliza kama umekula," nikamwambia.

Akainamisha kichwa kwenye kibodi akalia, na kesho yake akavuka kwenda kaburini. Mimi nilibaki ofisini. Kulikuwa na barua za wateja.