Masharubu Kwenye Onyesho la Wanawake

Sasa naweza kucheka, lakini kwa miaka mingi mtu akinitajia sinema nilikuwa nageuza mazungumzo, maana mimi, kijana mzima wa miaka ishirini na mbili, nilikamatwa ndani ya onyesho la wanawake peke yao nimevaa buibui.

Tulikuwa tukikaa Vikokotoni, mimi na Bi Salama. Si mama yangu wala shangazi yangu. Nilipofiwa na wazazi, jirani alinituma kwa Bi Salama kuazima ungo, akanipa chakula, nikala, nikalala, na ungo wenyewe (Mungu anisamehe) haujafika kwa jirani mpaka leo. Watu wakimuuliza kijana huyu wa nani, hujibu, "Wa hapa hapa," basi. Hakuwahi kusema wangu, na mimi, masharubu yote haya, nilikuwa bado nalingoja neno hilo.

Sasa kulikuwa na riwaya ya Kihindi, ya mjane na dobi wasiokuwa ndugu wala mume na mke, wanaolea mtoto waliyemwokota. Nilimsomea Bi Salama tafsiri yake yote ya Kiswahili, naye akilia juu ya mchele anaouchagua. Ikaja filamu yake, na watu wakasema mwisho umebadilishwa! Siku zote za maonyesho ya wanaume nikalala na homa, na onyesho la mwisho kabla haijapelekwa Dar es Salaam likawa la wanawake, alasiri. Bi Salama akatangulia. Nikafungua kasha lake, nikatoa buibui kuukuu, nikavaa juu ya fulana na msuli (joto lile, ungefanyaje?), nikajifunika uso, nikaingia kwa kutikisa kichwa tu kila nilipoamkiwa.

Mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Mara mwanamke wa kiti cha jirani akanipachika mtoto mapajani: "Shoga, nshikie, nnakwenda chooni mara moja."

Ningekataa kwa sauti gani? Nikampakata. Kwenye filamu tumefika mahakamani, jamaa wa damu wamekuja kumdai mtoto, hakimu anauliza huyu mtoto wa nani, ukumbi mzima kimya, machozi yananitoka, na yule niliyempakata akapenyeza mkono chini ya kitambaa cha uso, akashika masharubu yangu, akavuta kwa nguvu zake zote.

"Alaa! We!"

Sauti ilitoka nzito hata mtoto mwenyewe akaniachia. Taa zikawashwa. Kelele! Karanga zikaruka, viatu vikaruka, mama mtoto akanipokonya mwanawe huku akinipiga kwa mkoba, na mama wa mlangoni, mwanamke wa miraba minne, akanisimamisha juu ya kiti ili wote wanione.

"Jamani, huyu wa nani?"

Nikamwona Bi Salama safu ya tatu, analitazama buibui alilolitia kiraka kwa mkono wake. Nikasema moyoni, leo nimekanwa. Akainuka taratibu.

"Wangu," akasema. "Mwanangu huyo. Nipeni nimpige mimi kwanza, nyinyi mtafuatia."

Akanipiga kweli, kwa kiatu, tokea mlangoni mpaka Darajani, nami nakimbia buibui nimelikunja kiunoni, wauza machungwa wanashangilia, na nilikuwa na furaha sijapata kuwa nayo tena.

Nimeapa, onyesho la wanawake silikanyagi tena, hata waonyeshe maisha yangu mwenyewe. Mwisho wa filamu Bi Salama alikataa kunisimulia, ndiyo ilikuwa adhabu yangu, kwa hivyo kesi ya yule mtoto mpaka leo sijui hakimu aliamuaje. Yangu ilikwisha pale pale.