Vikaratasi vya Ndani ya Chupa

Wenzake wa kituo cha utafiti walimwita Bibi Jongoo, maana maisha yake yote yalikuwa majongoo bahari. Mumewe alizoea kumtania: "Mimi nimekuoa, lakini wewe umeolewa na majongoo."

Kila jongoo aliyempata alimtia kwenye chupa ya spiriti, na humohumo akatumbukiza kikaratasi: kapatikana wapi, lini, kwenye kina gani. Aliandika kwa penseli, kwa kuwa wino huyeyuka kwenye spiriti. Kuyaingiza hayo kwenye kompyuta kulikuwa kunangoja bajeti, na bajeti ilikuwa inangoja mtu wa kuja kuona. Ndiyo maana, msomaji wangu, kilio chake kilikuwa kimoja tu: "Kazi yetu haionekani."

Basi akaenda kumuuguza binti yake aliyejifungua. Siku aliyorudi kazini, wageni wa wizara walikuwa njiani. Akafungua stoo, akadhani kakosea mlango. Rafu zimepakwa rangi nyeupe, taa mpya, chupa zinameremeta kama duka la manukato. Kila moja ina lebo ya dhahabu: "Hazina ya Bahari Yetu."

Mkuu wa kituo, aliyehamishiwa pale kutoka idara ya utalii, alisimama kitambaa begani, jasho likimtiririka.

"Karibu, dada. Umelalamika weee. Leo kazi yako ataiona hata kipofu."

Bibi Jongoo akainua chupa. Jongoo alikuwa akielea peke yake.

"Vikaratasi viko wapi?"

"Vile vilivyolowa? Vilikuwa vinawaziba wanyama. Nimevitoa kimoja kimoja kwa mkono wangu huu, nikavichoma."

Akaketi juu ya ndoo ya rangi. Chupa zote zile, na hakuna hata moja inayojua ilikotoka. Nani sasa atathibitisha kwamba jongoo fulani aliwahi kuishi mahali fulani, na leo hayupo? Imebaki mizoga kwenye spiriti.

"Mbona hivyo, dada? Harufu ya rangi imekukaa vibaya?"

Kabla hajajibu, wageni wakaingia. Wakasifu, wakapiga picha. Mama mmoja wa wizara akainamia chupa ya jongoo mwenye madoa.

"Mzuri huyu. Alipatikana wapi?"

Mkuu akamgeukia Bibi Jongoo kwa fahari. Ndipo alipouona uso wake, na tabasamu likamkauka.

Bibi Jongoo aliitazama ile chupa.

"Baharini," alisema.