Mate Kwenye Paji la Mtoto

Juzi nilipewa lifti kutoka Lodwar hadi Kakuma na mume na mke wageni wa huku, wenye mtoto mchanga. Mume aliendesha kama anayefukuzwa. Mke naye kila mara alimpangusa mtoto vumbi kwa kitambaa chenye unyevu.

Tuliposimama dukani kununua maji, mama mzee mwenye shanga hadi kidevuni akaja dirishani. "Ejok!" akatusalimu. Akamtazama mtoto, akatabasamu, kisha akamtemea mate kwenye paji la uso.

Mke akaganda, kitambaa mkononi. Nikamnong'oneza kwamba Waturkana hubariki hivyo. Mama akacheka, akagusa koo lake.

"Jua ya hapa inakausha mdomo. Mtu mwenye anakupatia mate yake, huyo amekupenda."

Mke akakitazama kitambaa, akakirudisha kwenye pakiti. Mume, asitake kuachwa, akatoa kichwa nje na kukiinamisha.

"Na mimi, mama?"

Mama akamwangalia, akayaangalia magurudumu yaliyojaa vumbi.

"Wewe enda pole pole."

Nimepanda magari mengi yaliyoandikwa kioo kizima kwamba yako mikononi mwa Mungu, na madereva wa magari hayo hukanyaga mafuta kama wenye haraka ya kukutana Naye. Huyu wetu alienda pole pole hadi Kakuma, akiwapisha hata mbuzi. Nyuma, mkewe alirudia kumpangusa mtoto vumbi mashavuni na shingoni, lakini akifika kwenye paji la uso, alilizunguka.