Kufuli Tatu za Baiskeli Moja

Mume wangu na wanaume wawili wenye akili kama zake waliwahi kununua baiskeli moja kwa shirika. Nasema wenye akili kama zake kwa adabu tu, maana ni mzee sasa na bado nampikia.

Tulikaa kwenye kambi ya wafanyakazi katika shamba la Kaburu mmoja, barabara ya kutoka Eldoret kwenda Ainabkoi. Mume wangu alikamua ng'ombe. Mwenzake mmoja alikuwa karani wa stoo, kalamu haimtoki sikioni. Wa tatu alikuwa binamu wa mume wangu, taniboi wa lori. Wote walikuwa watu wa kanisa. Siku baiskeli ilipoletwa kutoka duka la Mhindi waliizunguka wakaiombea, kisha karani akatangaza kwamba umoja ni nguvu. Jioni hiyohiyo kila mmoja akaenda kutafuta kufuli yake.

Ndiyo, kufuli tatu kwenye mnyororo wa kufungia fahali. Ili mmoja apande, sharti wote watatu wafungue. Walisema hiyo ndiyo haki. Walipeana zamu za siku mbilimbili, na Jumapili, kwa kuwa ilikuwa ya wote, hakupanda mtu. Waliisukuma mpaka kanisani, mmoja ameshika usukani, mmoja kiti, wa tatu anapiga kengele. Watu wazima wenye ndevu! Sisi wake zao tulifuata nyuma na watoto mgongoni na vikapu kichwani.

Mtoto wangu wa kwanza nilimzaa kambini na nusura nife. Kwa hiyo mimba ya pili ilipokomaa, mume wangu akaapa nitazalia hospitali, na nitapelekwa nimekaa kwenye keria, nyuma ya baiskeli, kama memsabu.

Uchungu ulinishika Jumamosi, umande bado uko kwenye mahindi. Zamu ilikuwa ya binamu, lakini lori lilikuwa limemchukua alfajiri kwenda kushusha magunia Ainabkoi. Baiskeli aliiacha imefungwa, akaenda na ufunguo wake shingoni. Mume wangu akafungua kufuli yake, ya binamu ikabaki.

"Vunja," nikamwambia mume wangu. "Shoka hilo hapo."

"Hii kufuli ni ya mwenyewe. Akirudi nitamwambia nini?"

Karani akaja mbio, akainama, akafungua kufuli yake, akajipangusa mikono. "Mimi yangu nimefungua," akasema, akasimama hapo akingoja shukrani.

Basi mume wangu akafanya nini? Akaitwika baiskeli begani, mnyororo ukining'inia, akaniambia, "Vumilia kidogo, Mama watoto," akashika njia ya Ainabkoi kumfuata binamu. Hospitali ilikuwa upande ule mwingine. Bega la kubebea chuma alikuwa nalo, lakini kwamba mtu anaweza kuliegemea, hilo halikumjia.

Jirani yangu, mama wa Kinandi ambaye hata lugha hatukuelewana vizuri, alinishika kiuno tukaanza kutembea. Kila uchungu ulipokuja nilikumbatia mti wa ua wa Kaburu. "Tembea, dada, usikae chini," aliniambia. Baadaye akaacha kusema hivyo, akatandika blanketi lake kwenye nyasi.

Alikuwa msichana. Akalia vizuri, lakini damu yangu haikukatika upesi, nikaogopa. Niliogopa kufa kando ya barabara na kumwachia mtoto wangu baba kama yule. Jirani alinikanda tumbo kwa nguvu, akiomba kwa Kinandi, mpaka ikakoma.

Jua lilikuwa utosini tuliposikia kengele. Mume wangu alikuja akinyonga baiskeli, binamu amekaa nyuma, wote wanacheka, jasho likiwatoka. "Tumeifungua!" akapiga kelele. Akamwona mtoto. Akamshusha binamu, akapangusa keria kwa kofia yake.

"Panda, Mama watoto, turudi nyumbani."

Nilimpa jirani mtoto, nikainuka nikiushika mti. "Panda wewe," nikamwambia. "Mimi miguu ninayo."

Nilisema hivyo nione kama ana haya. Akapanda.