Kila Mtu na Sanduku Lake

Ofisini kwetu barua pepe zilisomwa kwa sauti, na msomaji nilikuwa mimi. Desturi hii ilianza tulipokuwa na kompyuta moja tu na anwani moja tu, na kompyuta zilipoongezeka hakuna aliyeona sababu ya kuiacha. Tulikuwa watu watatu katika chumba kimoja cha juu, Mji Mkongwe, tukiuza sabuni na unga wa mwani unaolimwa na kina mama wa Jambiani. Alikuwapo bosi wetu, mwanamke mdogo kwangu kwa umri lakini mkubwa kwa mengine yote. Alikuwapo mhasibu, mzee wa kofia safi na maneno machache. Na mimi, karani wa kila kazi isiyokuwa na mwenyewe.

Asubuhi mzee alimimina kahawa ya tangawizi kutoka kwenye chupa aliyotoka nayo kwao, bosi akageuza kiti chake, nami nikafungua sanduku la barua. Barua ikianza na "Assalaam alaykum", sote watatu tuliitikia "Wa alaykum salaam", kwa sauti, kama vile mwandishi kasimama mlangoni anavua viatu. Salamu haijibiwi kimoyomoyo, mzee alisema, hata kama imekuja kwa waya. Tulikuwa na mteja mmoja wa Ulaya aliyeanza kila barua yake na "Jambo", nasi tulimjibu "Sijambo!" kwa pamoja, tukacheka mpaka mwenye duka la chini akauliza kuna nini. Maskini yule mteja hajui mpaka leo kuwa alikuwa akiitikiwa.

Nayataja haya kwa sababu wakati ule nilikuwa mpweke, na sioni haya kulisema. Tangu nilipomaliza eda ya mume wangu, nyumbani kwangu Kiponda hapakuwa na mtu wa kuzungumza naye. Binti yangu ameolewa Maskati. Hunitumia sauti kwenye simu, nami humjibu, lakini yale si mazungumzo, ni watu wawili wanaopokezana kusema peke yao. Jumamosi na Jumapili nyingi zilipita sijatoa neno isipokuwa kwenye sala. Jumatatu nikifika ofisini sauti ilikuwa imenikauka, ikabidi niilainishe kwa kahawa kwanza. Watu wakiniuliza kama siogopi kulala peke yangu, niliwajibu kuwa nina raha zangu, hakuna wa kunikoromea. Walicheka, na mimi nikacheka nao. Lakini yule aliyekuwa akikoroma ndiye niliyemtaka.

Basi ile saa moja ya kusoma barua ndiyo iliyokuwa siku yangu. Mengine yote yalikuwa kuisubiri.

Shida ilianza na Bismillahi. Mzee hakuandika barua, hata ya kuulizia maboksi ya kupakilia, bila ya kutanguliza Jina la Mwenyezi Mungu. Na sote tumelelewa kuwa karatasi yenye Jina hilo haitupwi jaani. Huchomwa, au huzikwa, au huwekwa pahala pa juu. Sasa kwenye kompyuta ukifuta barua inakwenda kwenye kitu kilichochorwa pipa la taka. Mzee alikiona kile kipipa siku ya mwanzo akasema, "Humo haitiwi Bismillahi, labda mie nshakufa." Kwa hivyo hatukufuta. Na kwa kuwa mteja akijibu, barua ya mzee hurudi nzima chini ya majibu yake, hata za Wazungu zikawa hazifutiki. Picha za mwani, picha za sabuni, kadi za Idi, vyote vilikaa. Seva tuliyokuwa tukitumia, yaani ghala la barua zetu, ilikuwa ndogo, ya kupewa na jamaa wa bosi, ikajaa mpaka kooni. Siku moja mteja wetu mkubwa akapiga simu kuuliza kwa nini oda yake inarudishwa kila akiituma.

Bosi akashika kichwa. "Dada," akaniambia, "hebu nitafutie seva nyengine. Iwe rahisi, lakini isitutie aibu."

Nikaingia kazini. Njia ya mwanzo ilikuwa kuweka seva yetu wenyewe, kompyuta ya kukesha pale pembeni kwenye makabati. Fundi aliisifu sana mpaka nilipomwuliza umeme ukikatika itakuwaje, na hii hewa ya chumvi inayokula hata bawaba za milango itaifanya nini. Akasema basi itahitaji betri la akiba, na feni lake peke yake, na yeye mwenyewe kuja kuitazama mara kwa mara. Nikaona hiyo si seva, ni mke wa pili.

Njia nyengine ilikuwa makampuni makubwa ya nje. Mazuri, sisemi kitu, na barua zao haziishii kwenye barua taka za anayeandikiwa. Ila hutoza kwa kila sanduku, kila mwezi, kwa dola. Sanduku moja tungelimudu, matatu yangetukaba. Halafu kulikuwa na kampuni ndogo ya bara, inayokodisha nafasi kubwa kwa mwaka mzima, bei moja, na humo ndani unafungua masanduku kadiri upendavyo. Niliwauliza wateja wao wawili, wote wakasema haina matata. Nikapiga simu. Akapokea dada mmoja mwenye sauti ya upole, akaniuliza tuko watumiaji wangapi.

"Watatu," nikasema. "Lakini tunataka sanduku moja."

"Kwa nini moja, mama? Bei ni ileile. Kila mtu apate lake, na siri zake."

Nikamshukuru, nikakata simu. Nitamwambiaje mtu nisiyemjua kuwa mimi siri sina, ninachokitaka ni watu?

Nilikwenda nyumbani na jambo hilo, nikakaa nalo kutoka Ijumaa mpaka Jumatatu. Kampuni ya bara ndiyo iliyokuwa bora kwetu, kwa bei na kwa nafasi, na nilijua pia itakachofanya. Kila mtu akipata sanduku lake atasoma mwenyewe, kimya, na mimi nitakuwa karani wa kompyuta iliyonyamaza. Ningeweza kuwaambia tuchukue ya nje, sanduku moja, na hakuna ambaye angenipinga, maana kwa mambo haya walinifuata kama wanavyomfuata imamu. Nilishayapanga maneno yenyewe. Lakini sanduku hilo moja lingejaa tena, kwa sababu mzee hatoacha Bismillahi yake wala mimi sitomwomba aiache. Na oda ikirudishwa, wanaokaa na magunia ya mwani ni kina mama wa Jambiani. Hao hawana kosa lolote katika upweke wangu.

Jumatatu nikasema kweli. Nilieleza yote, na mwisho nikasema, "Hii ya bara." Kisha, kwa sababu bosi angeuliza tu, nikaongeza kuwa masanduku ni kadiri tupendavyo.

Bosi akapiga makofi. "Basi kila mtu na lake!"

"Hata mie?" akauliza mzee.

"Hata wewe, mzee wangu."

Ningeona afadhali angalau yeye anune. Lakini alifurahi kama mtu aliyekabidhiwa ufunguo wa nyumba. Nilipomwonyesha kuwa nimemfungulia hifadhi juu kabisa ya sanduku lake, nimeiita "Pahala pa Juu", ya kuwekea barua zenye Bismillahi, aliniombea dua ndefu. Nikaitikia amin.

Kuhamisha barua za zamani kulichukua wiki nzima. Kazi ya mwisho ilikuwa kujaribu masanduku. Kwa bosi nilituma picha ya mwani, kwa mzee nikatuma Bismillahi. Kwa langu niliandika "Assalaam alaykum" tu, kwa sababu sikuwa na jengine la kujiambia. Adhana ya magharibi ikaadhiniwa, nikazima kompyuta bila ya kutazama kama imefika.

Siku ya kuanza nilifika mapema. Mzee akamimina kahawa kama kawaida, akaniwekea kikombe changu. Kiti cha bosi hakikugeuka. Alikuwa amekwisha kufungua sanduku lake, na baadaye kidogo akacheka puani, nikajua kuwa ni yule mteja wa "Jambo". Nilifungua mdomo kuitikia, nikaufunga. Mzee naye alikuwa akisoma, midomo inacheza. Akatikisa kichwa, akasema, "Loo!" Nilingoja aseme ni nini. Akafungua barua nyengine.

Nikafungua langu. Wateja walikuwa wakiwaandikia wao, hakuna aliyekuwa na haja na mimi. Kulikuwa na barua moja tu.

"Wa alaykum salaam," nikasema, kwa sauti, kama tulivyozoea.

Mzee akauliza bila ya kugeuka, "Unasema na mie, mwanangu?"

"Hapana, mzee. Nimeletewa salamu, nnaijibu."

"Ya nani?"

Nikalitazama jina la mtumaji.

"Ya mtu mmoja wa Kiponda," nikasema. "Anakaa peke yake."

"Msalimie sana," akasema mzee, macho yake kwenye kioo cha kompyuta.