Nilimwambia afisa wa halmashauri ni mbuzi

Eeh, basi tuendelee admin, jana chaji ilikata hata sijafika kwenyewe. Kwa wale wanaonikuta leo: mimi ni mama wa miaka arobaini na saba, nipo Ngara, kijiji sikitaji maana mdomo wangu unajulikana mpaka Benaco, watanitambua. Shule niliishia la tatu. Naandika kwa kidole kimoja, nikikosea someni hivyo hivyo. Mimi ni mtu wa kucheka, ila hili halinichekeshi.

Mimi ni mjumbe wa kamati ya shule. Walinichagua kwa sababu hakuna nyumba nisiyojua imepika nini. Halmashauri wakitaka kujua mtoto gani hajaandikishwa, mwalimu mkuu anawaambia, "Kamuulizeni yule mama, ndiye daftari letu."

Jirani yangu nimwite Mama Zawadi. Zawadi ndiye binti yake mkubwa. Mdogo nimwite Keza, huyo hasikii tangu kuzaliwa. Alivyoanza kutembea tu, kaja kwangu. Mnajua alipenda nini? Nikiongea, na mimi naongea kutwa, anakuja ananiwekea kiganja hapa kooni, anafumba macho, anatulia. Mama yake alikuwa ananitania, "Angalau umepata mmoja asiyechoka na maneno yako."

Keza akiwa na miaka tisa, halmashauri wakatangaza wanapita vijijini kuandika watoto wenye mahitaji maalumu. Wasiosikia wanapelekwa shule yenye kitengo chao na bweni, wanafundishwa lugha ya alama. Nilivyofurahi! Nikakimbia kumwambia Mama Zawadi. Yeye akakaa chini, akashika kichwa.

"Majina si yatabandikwa ofisi ya kijiji?"

"Yatabandikwa, ndio utaratibu."

"Na wale wa Biharamulo wanakuja Jumamosi kumposa Zawadi. Wakisikia hapa kuna kiziwi watasema iko kwenye damu. Dada, nakuomba. Mara moja tu maishani mwako, nyamaza."

Mimi huyu, ninayetangaza mimba za watu kabla hazijaonekana, nikanyamaza. Nilimwonea huruma. Na niseme ukweli, nilijiona mtu mkubwa, mimi nami nimeaminiwa siri.

Siku ya siku afisa wa elimu maalumu akaanzia kwangu, dada mmoja mpole na daftari lake. Keza nilishamfungia stoo ya maharage, nimempa na ndizi ya kuchoma.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, kaa hapa."

"Mama, kijiji hiki kuna mtoto asiyesikia, asiyeona, au mwenye shida yoyote ya kujifunza?"

"Hapa wote wazima, shida yao utundu tu."

Tukacheka wote. Ndipo Keza akaanza kugonga mlango. Wala si kwa fujo. Anagonga mara tatu, kimya. Mara tatu, kimya. Yule dada akageuka.

"Kule ndani kuna nani?"

"Ni mbuzi, mwanangu. Ana mimba, nimemfungia asizurure."

Akaandika. Mkono wake niliuona. Kusoma sijui sana, lakini sifuri naijua.

Alivyoondoka nikafungua. Keza amekaa juu ya gunia, ananiangalia. Hakulia. Nikaongea, nikaongea, nikainama nimpe shingo. Hakuinua mkono. Ni miaka minne sasa na hajauinua tena.

Zawadi aliolewa. Nilicheza harusi ile mpaka kiatu kikakatika. Yuko Biharamulo, ana watoto wawili. Keza ana kumi na tatu. Kila asubuhi wenzake wakipita na sare anasimama njiani kuwaangalia, na wakishapita bado kasimama tu, hakuna wa kumwambia ondoka.

Na mimi nagongewa, jamani. Niko jikoni nachambua maharage, mchana kweupe, nasikia mara tatu, kimya. Nikasema labda ni mbuzi kweli, nikauza mbuzi wote. Ikagonga. Nikang'oa mlango wa stoo nikaweka pazia. Pazia linagongwaje? Lakini linagongwa. Mume wangu anaona nimenyamaza katikati ya hadithi, ananiuliza, "Leo umemeza nini?"

Sasa juzi kikao cha madiwani kimehoji ile orodha. Diwani wetu kasimama kasema, "Kijiji kizima sifuri? Huko wanazaliwa malaika?" Ikaamuliwa warudi nyumba kwa nyumba, na wanakuja leo, waanzie kwangu kwa sababu jibu lilitoka kwangu. Mwalimu mkuu kasema nafasi za bweni ni chache, na mtoto mwenye umri mkubwa akikosa safari hii ndio amekosa.

Asubuhi hii Mama Zawadi kaja. Keza keshamtuma kuchimba mihogo kule bondeni asionekane.

"Dada, mkwe wangu mpaka leo hajui. Ukisema, Zawadi atarudishwa na watoto mgongoni. Na mimi nitawaambia ni nani aliyemfungia stoo."

Nikamwambia, "Mwenzangu, Keza naye si ulimzaa wewe?"

Akanijibu, "Keza hasikii tunayosema. Zawadi atasikia kila neno."

Nimekaa hapa na simu, chai imepoa. Nikisema, nimevunja nyumba ya Zawadi, na kijiji chote kitajua mimi ndiye niliyemficha mtoto wa watu. Nikinyamaza, Keza atazeeka amesimama pale njiani. Ndugu zangu mnaosoma, msiniambie nisali, nimesali. Nishaurini, nifanye nini? Na kama ni kusema, neno la kwanza liwe lipi, maana mimi mwenye maneno yote haya hilo moja sil

Ngoja. Mume wangu anaita huko uani. "Wewe mama, toka! Gari la halmashauri limefika, na Mama Zawadi keshakaa anawajibu kwa niaba yako!"

Nakuja, baba. Nakuj