Pembea ya Mama Mwenye Duka

Nilipofika Mbeya nilikuwa fundi seremala, na nilitaka kila mtu alijue hilo kabla sijafungua mdomo. Penseli niliichomeka sikioni hata Jumapili kanisani. Sanduku la zana nililibeba begani hata nilipotumwa sokoni kununua ndizi. Kazi nilikuwa nimefundishwa na mafundi wa misheni ya Tosamaganga, kule kwetu Iringa, na niliyoipenda ilikuwa moja tu: kenchi, yale maungo ya mbao yanayobeba bati la nyumba. Meza na vitanda niliona ni kazi ya watu wanaoogopa ngazi.

Hiyo ilikuwa miaka ya hamsini, na kwa muda mambo yalininyookea. Mji ulikuwa unajengwa. Niliingia kwa kontrakta mmoja aliyekuwa akijenga maghala na nyumba za watumishi, nikawa nashinda juu ya paa, upepo baridi wa mlimani ukinipuliza shati, nikiwatazama watu wa chini kwa huruma. Kisha kazi ikakauka. Wengine walisema Serikali imefunga mkono, wengine wakasema bei ya mazao imeanguka huko ng'ambo. Mimi nilichojua ni kwamba asubuhi moja tulikuta lango la kiwanja limefungwa, na mlinzi anaota moto wa mbao nilizokuwa nimezipiga randa mwenyewe.

"Rudini nyumbani," alisema. "Mkihitajiwa mtaitwa."

Nyumbani kwangu kulikuwa kwa dada yangu mkubwa, aliyeolewa na Msafwa mmoja mkulima wa viazi kwenye miteremko ya mlima Loleza. Kila asubuhi nilishuka mjini na sanduku langu, nikapita kiwanja hadi kiwanja, na kila jioni nilipanda mlima na sanduku lile lile, ambalo kwa maajabu lilikuwa zito zaidi. Mtu mmoja sokoni aliniomba nimtengenezee kigoda. Nikamwambia mimi ni fundi wa kenchi. Alinitazama miguuni, viatu vikiwa vimepasuka, akasema, "Basi pole."

Habari hiyo ilimfikia dada yangu. Alinipakulia ugali, akaniwekea na maharage, akangoja nimeze.

"Kuku wangu wanaliwa na paka wa porini," alisema kwa Kihehe, lugha yetu ya nyumbani. "Mdogo wangu, najua wewe ni mtu wa mapaa. Hata banda la kuku lina paa."

Nikalijenga. Kwa kuwa nilikuwa na hasira na mikono ilikuwa na njaa ya kazi, nililiwekea kenchi kamili, yenye nguzo ya katikati na mihimili ya pembeni, kila ungio limekatwa kwa patasi. Ulipofika wakati wa kulisogeza kivulini, shemeji alilazimika kuwaita jirani zake, nao walilibeba wakiguna kama wamebeba jeneza la chifu. Kuku walikataa kuingia. Walilizunguka, wakalitazama, wakaenda kulala jikoni.

"Hawajazoea kulala kanisani," alisema dada.

Nadhani ni yeye aliyeisambaza habari, maana alikuwa akiuza viazi kwa Banyani mmoja mwenye duka la vitambaa mjini. Siku moja nilipopita dukani hapo, Banyani yule aliniita.

"Wewe ndiye fundi wa banda?"

Nikamwambia mimi ni fundi wa kenchi.

"Ndiyo, ndiyo. Mama yangu anataka pembea."

Alinipeleka ndani, nyuma ya duka, nikakutana na mama yake, bibi mwembamba aliyevaa sari nyeupe ya wajane, ameketi juu ya gunia la pamba. Kiswahili alikijua kidogo sana. Mwanawe alinieleza kuwa huko kwao Gujarati kila nyumba ya heshima ina pembea sebuleni, kiti kipana cha mbao kinachoning'inia darini kwa minyororo, na tangu waje huku mama hakuwahi kuwa nayo. Magoti yalimuuma kwa baridi ya Mbeya, na alisema akibembea yatalegea.

Nikasema mtu aliyeezeka maghala hawezi kushindwa na ubao wa kukalia.

Kiti chenyewe nilikitengeneza kwa mninga, na bado nasema kilikuwa kizuri. Tatizo lilikuwa juu. Nyumba ile ilikuwa na dari ya mbao, na boriti zilijificha nyuma yake. Fundi mwenye akili angepanda darini akatazama. Mimi nilisimama juu ya ngazi, nikagonga kwa kifundo cha kidole huku nimefumba macho, kama mganga, nikasikiliza, nikasema, "Boriti iko hapa." Nikakaza kulabu, nikatundika minyororo, nikashuka.

Bibi alinyanyuka ili akae. Nikamzuia kwa heshima. Nikamwambia mwanawe kuwa kwa desturi fundi hukaa kwanza. Desturi hiyo sijui niliitoa wapi, lakini namshukuru Mungu hadi leo.

Nikakaa. Nikajisukuma kwa mguu mara moja, na ilikwenda vizuri. Nikajisukuma tena, safari hii nikawa nimekunja nne ili waone raha yake. Kikasikika kitu kikilia huko juu, kisha mimi, kiti, minyororo, kipande cha dari na vumbi la miaka mingi tukafika chini kwa pamoja. Kiota cha panya kilinifuata, kikatua kichwani mwangu.

Mwenye duka alishika kichwa. Alianza kusema mambo ambayo hayakuhitaji mkalimani. Mama yake akamkatiza kwa Kigujarati, taratibu, na mwanawe akanitafsiria huku akiona haya.

"Mama anauliza kama kazi imeisha, au bado kuna nyingine."

Ndipo nikamwona bibi anacheka, amefunika mdomo kwa ncha ya sari, mabega yakimtikisika. Nilikaa palepale chini, mweupe kwa vumbi kama mwokaji mikate. Mwanawe alitaka kunifukuza na kutafuta fundi mwingine. Bibi alikataa.

"Anasema fundi mwingine naye ataanguka kwanza," alisema mwenye duka, bila furaha. "Wewe umeshaanguka."

Kesho yake nilipanda darini kama ilivyonipasa tangu mwanzo. Nikalaza mhimili mzito kutoka boriti hadi boriti, nikateremsha vyuma virefu vyenye nati, nikaziba dari. Bibi aliketi, akasukuma sakafu kwa kidole gumba cha mguu, akafumba macho. Baadaye aliniletea chapati na achari ya embe iliyonitoa machozi, nikala barazani nikisikia minyororo ikilia taratibu ndani.

Baada ya hapo wanawake wa Kihindi walikuja kumtembelea, wakabembea, wakaenda kuwasumbua waume zao. Nilitundika pembea nyumba baada ya nyumba, za Wahindu na za Waislamu, nikatengeneza na rafu za maduka, na susu za kulaza watoto. Hatimaye ndugu zao wa Iringa wakanihitaji, nami nikarudi kwetu nimepanda lori, nimekalia mbao za pembea.

Huko Iringa nilimpata binti niliyetaka kumwoa. Baba yake, mzee mkavu wa Kihehe, aliniuliza nafanya kazi gani. Nilikusudia kusema kenchi, lakini ulimi ulisema ukweli, kwamba nawatengenezea bibi wa Kihindi pembea.

Akauliza kama hiyo ni kazi ya mtu mzima.

"Ndiyo, baba," nilisema. "Kwa sasa ndiyo iliyopo."

"Sawa," alisema. "Ila binti yangu usije ukamning'iniza."

Tulifunga ndoa mavuno yalipokwisha. Kazi za ujenzi ziliporudi, kontrakta wa Mbeya aliniita, nikarudi huko, nikapanda tena juu ya paa. Wenzangu walikuwa wameshasikia yote. Waliniita Fundi Pembea, nami niliitika.